Kumpeleka Mtoto Louvre

Ndugu msikilizaji, juma hili naweka kando bei ya unga na foleni za barabara zetu, maana nimeletewa swali ambalo nimeshindwa kulijibu kwa maneno mawili. Mama mmoja wa hapa Dar es Salaam anasafiri na mumewe na mtoto wao wa miaka mitano. Watapita Paris, na watakaa huko siku tatu. Anauliza: je, ni busara kumwingiza mtoto wa umri huo katika jumba la makumbusho la Louvre, au ni afadhali mzazi mmoja abaki naye hotelini na mwenzake aende kutazama? Anasema mumewe ameshatoa hukumu. Ati mtoto atachoka, atalia, na atawaharibia siku.

Nimeamua kumjibu hadharani kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kuharibu siku ya namna hiyo. Tena aliyeiharibu hakuwa mtoto.

Ilikuwa Julai 2023. Dada yangu anaishi viungani mwa Paris, nami nilikwenda kumtembelea pamoja na binti yangu, kitinda mimba, ambaye wakati ule alikuwa na miaka mitano na miezi yake michache. Usiku wa kuamkia siku ya Louvre shangazi yake alinionya. "Kaka, Louvre haimalizwi. Chagua vitu vitatu, mwonyeshe mtoto, mtoke mkale." Nikacheka. Nimelipa nauli ya ndege ya watu wawili, halafu nitazame vitu vitatu? Mfukoni nilikuwa na karatasi yenye majina ya vitu 22, nimeyapanga kwa namba.

Hebu kwanza tuelezane Louvre ni kitu gani, ili tuone jinsi karatasi ile ilivyokuwa ya kipuuzi. Mahali pale palianza kama ngome ya vita. Mfalme Philippe Auguste wa Ufaransa aliijenga mnamo mwaka 1190 kuulinda mji wake upande wa mto Seine. Wafalme waliofuata wakaigeuza kuwa makazi, wakabomoa, wakajenga, wakaongeza, mpaka ikawa kasri refu lisiloisha. Mwaka 1682 Louis wa Kumi na Nne akahamishia baraza lake Versailles. Yakaja mapinduzi, na tarehe 10 Agosti 1793 kasri lilifunguliwa liwe jumba la makumbusho, mali ya wananchi. Siku hizi vitu vinavyoonyeshwa humo vinafika kama 35,000, katika vyumba zaidi ya 400. Nimepiga hesabu: ukikipa kila kitu nusu dakika tu, bila kula, bila kulala, bila kwenda haja, utahitaji siku 12 usiku na mchana. Na hutakuwa peke yako, maana mwaka 2024 waliingia watu milioni 8.7.

Mlango mkuu uko chini ya piramidi ya vioo iliyobuniwa na Ieoh Ming Pei na kufunguliwa mwaka 1989. Tiketi hukatwa mapema kwa saa maalumu. Mwaka ule nililipa euro 17. Januari 2024 ikapanda kuwa 22, na mwishoni mwa 2025 bodi yao ilipitisha kwamba kuanzia Januari 2026 sisi tutokao nje ya Ulaya tulipe 32. Kwa fedha zetu si haba. Lakini sikiliza hapa, mama: aliye chini ya miaka 18 haingii kwa fedha, awe ametoka nchi gani. Mtoto wako halipi hata senti.

Nalisisitiza jambo hilo kwa sababu ugomvi wa wazazi na watoto ndani ya majumba haya chanzo chake ni tiketi. Mtu mzima amelipa, basi anataka fedha yake irudi kwa njia ya macho. Kila chumba anachokipita bila kukiingia anakihesabu kuwa hasara. Mtoto hajalipa kitu na hana deni na mtu. Ameingia ndani ya nyumba kubwa, sakafu inateleza vizuri, dari limejaa watu waliochorwa wakielea mawinguni, na yeye ana urefu wa mita moja na kidogo.

Tuliingia saa nne asubuhi. Namba moja katika karatasi yangu ilikuwa Mona Lisa, kama ilivyo kwa maelfu ya watu wengine saa ile ile. Ili kumfikia unapanda ngazi pana za mawe, na juu ya ngazi hizo amesimama mwanamke wa marmari mwenye mabawa makubwa, nguo imembana mwilini kama amepigwa na upepo wa bahari, miguu yake ikiwa juu ya mbele ya merikebu. Binti yangu akasimama katikati ya ngazi.

"Baba, kichwa chake kiko wapi?"

"Tutarudi," nikamwambia, nikamvuta mkono. Namba yake katika karatasi ilikuwa saba.

Chumba cha Mona Lisa ni kikubwa kuliko ukumbi wa mikutano, na siku ile kilikuwa kimejaa kama kituo cha daladala jioni ya mvua. Watu wamepangwa katika foleni ya kamba inayopinda na kupinda tena, kila mmoja ameinua simu juu ya kichwa. Picha yenyewe ni ndogo. Kimo chake ni sentimita 77 na upana 53, imechorwa juu ya ubao, na imewekwa nyuma ya kioo kinene. Leonardo da Vinci aliianza mnamo 1503, na ikaingia katika hazina ya mfalme Francis wa Kwanza.

Kuna sababu ya umaarufu huo mkubwa ambayo haihusu kuchora. Tarehe 21 Agosti 1911, siku ambayo jumba lilikuwa limefungwa kwa umma, Mwitalia mmoja aitwaye Vincenzo Peruggia, ambaye aliwahi kufanya kazi ya vioo humo humo, aliitoa ukutani akaondoka nayo. Wizi uligunduliwa siku ya pili yake. Magazeti ya dunia nzima yakaandika, na watu wakapanga foleni kwenda kutazama nafasi tupu iliyobaki ukutani. Ikapatikana Florence Desemba 1913. Tangu hapo si picha tena, ni mashuhuri anayetembelewa. Kioo nacho kina historia yake: Desemba 1956 mtu mmoja aliirushia jiwe, rangi ikabanduka kidogo karibu na kiwiko cha kushoto. Wakubwa wa Ufaransa wenyewe wamekiri kwamba msongamano umezidi, na Januari 2025 Rais Macron alitangaza kwamba Mona Lisa atajengewa chumba chake peke yake, pamoja na mlango mpya wa kuingilia jumba hilo.

Sasa shuka chini, ndugu msikilizaji, uwe na urefu wa mita moja ndani ya foleni ile. Hakuna Mona Lisa. Kuna mikanda ya suruali. Kuna mikoba inayokugonga paji la uso. Kuna joto la Julai na harufu ya mafuta ya kujikinga na jua. Binti yangu alivumilia kwa muda ambao sasa naukadiria kuwa nusu saa. Kisha akaketi sakafuni. Nikamwinua. Akaketi tena. Nikamwinua kwa nguvu zaidi, na nikamkaripia kwa sauti ambayo nyumbani huwa naiweka kwa makosa makubwa. "Unajua tumetoka wapi kuja kuona picha hii? Simama!"

Nilidhani katika umati ule hakuna anayeelewa Kiswahili. Mama mmoja mtu mzima, amejifunga kitambaa kizuri kichwani, akageuka mbele yangu. Kwa namna alivyosema nikajua ametoka Kongo.

"Papa, muache mutoto. Amechoka."

Hakuongeza neno, akarudisha uso mbele. Mimi nilibaki na aibu ambayo hata leo, nikisoma maneno haya mbele ya kipaza sauti, naisikia masikioni. Mtoto analia bila sauti, machozi yanashuka, na mimi bado nina simu mkononi, tayari kupiga picha.

Nikamnyanyua nikampakata, kichwa chake begani pangu, uso umeelekea nyuma. Foleni ikasogea. Mimi natazama Mona Lisa, yeye anatazama huko tulikotoka. Baada ya kitambo akaniambia sikioni, "Baba, kuna paka."

Nikageuka. Ukuta mzima wa upande wa pili, ambao mimi na mamia ya watu tuliupa mgongo, ni picha moja: Harusi ya Kana, ya Paolo Veronese, iliyokamilika mwaka 1563. Kimo chake ni karibu mita 7 na upana karibu mita 10. Hakuna picha ya kitambaa kubwa kuliko hiyo ndani ya Louvre. Wamo watu kama 130, wamevaa hariri, wanakula, wananong'ona, wanapiga vinanda. Yesu yuko katikati, amekaa kimya. Mbele wapo mbwa wamefungwa kamba, na chini upande wa kulia, penye mitungi ya maji yaliyogeuka divai, paka amelala chali anaparura mtungi kwa kucha. Nisingemwona paka yule hata kama ningerudi mara tano.

Tukatoka katika foleni, tukaenda kusimama mbele ya harusi. Palikuwa na nafasi tele. Akatafuta mbwa, akawapata. Akatafuta bibi harusi, akabisha na mimi ni yupi. Akauliza kwa nini watu wote wanakula na hakuna anayemtazama Yesu, swali ambalo naamini Veronese mwenyewe angelifurahia. Kisha akauliza nani aliichora ukuta mkubwa namna hii na ilikuja vipi.

Hapo nikalazimika kueleza. Picha ile ilichorwa kwa ajili ya ukumbi wa chakula wa watawa wa San Giorgio Maggiore, Venice. Mwaka 1797 majeshi ya Napoleon yaliingia Venice, yakaiteremsha, na kwa kuwa ilikuwa kubwa mno ikakatwa vipande, ikaviringishwa, ikapelekwa Paris na kushonwa upya. Napoleon aliposhindwa mwaka 1815 vitu vingi alivyochukua vilirudishwa kwa wenyewe. Hii haikurudi. Wafaransa walidai haitahimili safari, wakatoa picha nyingine ya Mfaransa Le Brun kuwa fidia. Mwaka 2007 ukumbi ule wa Venice uliwekewa nakala iliyotengenezwa kwa mashine, inayofanana na hii kwa kila kitu.

Mtoto akasikiliza yote. "Kwa hiyo wale watawa walikuwa wanakula wakitazama ukuta mtupu?"

Nimefanya kazi ya kuhoji watu kwa zaidi ya miaka ishirini, na sikumbuki kama nimewahi kuuliza swali zuri kuliko hilo kuhusu vita vya Napoleon.

Tukarudi kwenye ngazi. Nikamwambia nilivyomwahidi, na tukaketi pembeni kumtazama yule mwanamke asiye na kichwa. Jina lake ni Ushindi wa Samothrace. Wagiriki walimchonga kiasi cha miaka 2,200 iliyopita, na Mfaransa Charles Champoiseau alimfukua vipande vipande katika kisiwa cha Samothrace mwaka 1863. Kichwa hakijapatikana hadi leo. Lakini mwaka 1950 wachimbaji walipata kiganja chake cha kulia, nacho kimewekwa ndani ya kabati la kioo hapo hapo karibu. Binti yangu alikwenda kukitazama kile kiganja, akarudi, akaenda tena. Akasema labda kichwa kiko baharini na samaki wanakaa ndani ya pua. Sikuwa na hoja ya kumpinga.

Kufika hapo ilikuwa karibu saa sita na nusu. Karatasi yangu yenye namba 22 ilikuwa imetimiza namba mbili, na kitu kimoja kisichokuwamo. Nikaitia mfukoni na sikuitoa tena. Tukashuka chini ya piramidi, tukatafuta choo, tukala mkate aliotufungia shangazi, kisha tukaingia tena upande mwingine. Nikamwuliza mtoto anataka kuona nini. Akasema wanyama.

Upande wa Louvre uitwao Richelieu una ua mkubwa uliofunikwa paa la kioo, na ndani yake wamesimama fahali wa mawe. Ni fahali kwa mwili, wana mabawa ya ndege, na vichwa ni vya wanaume wenye ndevu zilizosukwa. Kimo chao kinapita mita 4. Walikuwa walinzi wa malango katika kasri la Sargon wa Pili, mfalme wa Ashuru, aliyejijengea mji mpya mahali paitwapo sasa Khorsabad, nchini Iraki, karne ya 8 kabla ya Kristo. Sargon alikufa vitani mwaka 705 kabla ya Kristo, na mrithi wake akauacha mji ule kabla haujazoeleka. Udongo ukaufunika. Mwaka 1843 Paul-Émile Botta, balozi mdogo wa Ufaransa aliyekuwa Mosul, akachimba na kuupata. Mnamo 1847 Louvre ikafungua ukumbi wa vitu vya Ashuru.

Binti yangu alizunguka fahali mmoja kimya kimya. Akarudi.

"Baba, huyu ana miguu mitano."

"Hesabu vizuri, mama."

Akazunguka tena, anaonyesha kwa kidole bila kugusa. "Mitano."

"Hakuna mnyama mwenye miguu mitano."

"Huyu anayo."

Nikaenda kumhakikishia kosa lake. Nikahesabu. Mitano, ndugu msikilizaji! Nilikuwa nimesoma kuhusu fahali wale kabla ya safari, nikayaandika majina yao, lakini miguu sikuwahi kuihesabu.

Maelezo yake ni haya. Fahali huyu alikaa penye kona ya lango. Anayekuja kutoka nje alimwona kwa mbele, na kwa mbele mchongaji alimpa miguu miwili iliyosimama wima bega kwa bega, kuonyesha kwamba mlinzi hatikisiki. Anayepita ndani ya lango alimwona kwa ubavu, na kwa ubavu mchongaji alimpa miguu minne iliyo katika mwendo, kana kwamba anatembea pamoja nawe. Mguu wa mbele wa kona unatumika pande zote mbili, lakini mmoja wa mbele hauonekani ubavuni, kwa hiyo akaongeza mwingine. Jumla mitano. Ukisimama mbele, fahali amesimama. Ukisogea ubavuni, fahali anakwenda. Mtoto alifanya jaribio hilo labda mara kumi, akikimbia kutoka mbele kwenda ubavuni, na kila mara akitangaza: "Amesimama. Anatembea. Amesimama." Mlinzi wa ukumbi ule, kijana mwenye redio ya mawasiliano kiunoni, alikuja akafikiri kuna tatizo, akatazama, akatabasamu akarudi kitini kwake.

Nikamweleza pia kwamba wengine hawakufika. Mwaka 1855 shehena kubwa ya vitu vya Ashuru ilikuwa ikishushwa mtoni kwa maboya ya ngozi na mbao kuelekea baharini, ikashambuliwa na wanyang'anyi karibu na Qurna, na makasha zaidi ya 200 yakazama. Mengi bado yako huko chini ya tope. Hapo akaamua kwamba samaki wa huko wana bahati kuliko wa Samothrace, maana wamepata fahali mzima.

Tulitoka saa tisa. Hatukuona Hammurabi, hatukuona Venus wa Milo, hatukuona vito vya wafalme katika Ukumbi wa Apollon. Vito hivyo baadhi yake hata sasa siwezi kuviona tena, kwani Oktoba 19, 2025 wezi walipanda dirishani kwa lifti ya kupandishia samani, wakabeba vipande vinane mchana kweupe.

Sasa nimrudie mama aliyeuliza. Mpeleke mtoto, na mumeo aende pia. Lakini nendeni kwa saa mbili, si kwa siku nzima. Jumatano na Ijumaa Louvre hufunguliwa hadi saa tatu usiku, na watu hupungua kidogo jioni. Mtoto akilala mchana hotelini, jioni atakuwa mpya. Ale kabla hamjaingia. Mpitishe chooni kabla hamjapanda ngazi yoyote, maana vyumba ni virefu na choo utakachokihitaji huwa nyuma yako. Mpe viatu alivyokwisha kuvizoea. Kigari cha mtoto kinaruhusiwa, na ukiwa huna wanaazima bure, ila ngazi ni nyingi na lifti lazima uzitafute. Mwekee daftari dogo na penseli. Mtoto anayechora fahali hakimbii. Mkubaliane kabisa mlangoni kwamba akipotezana nanyi asitembee, asimame pale pale alipo, nyinyi ndio mtarudi.

Kuhusu kugusa, usimwambie tu "usiguse." Mwambie sababu. Jasho la kidole kimoja halidhuru kitu, lakini vidole vya watu milioni nane kwa mwaka hula hata jiwe. Wangu alielewa, akawa anawakemea watu wazima.

Mkipenda kuanza mahali pepesi, anzeni chini upande wa Sully, penye misingi ya ile ngome ya Philippe Auguste. Ilifukuliwa miaka ya 1980 walipokuwa wakijenga piramidi. Mtatembea ndani ya handaki la zamani, ukuta wa mawe umewasimamia, na juu ya mawe mengine mtaona alama zilizochongwa na waashi, baadhi zina umbo la moyo. Mtoto atafute mioyo hiyo. Mkitoka hapo mnakutana na Sfinksi wa Tanis, simba wa mawe mekundu mwenye kichwa cha mfalme, urefu wake karibu mita 5. Huko ni Misri tayari.

Misri ina tahadhari moja. Imo maiti ya mtu mzima iliyofungwa vitambaa, mtu aliyekufa zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Siku ya pili, maana tulirudi kwa saa moja tu kabla ya safari, tulimfikia bila mimi kumwandaa mtoto. Alitazama kwa muda, akauliza kwa sauti ya chini, "Anajua kwamba tunamwangalia?" Nikasema hajui. Akasema basi twende. Sikubishana. Mwambie wako mapema nini kimo humo, na yeye aamue kama anaingia.

Mona Lisa je? Mumeo ataka kumwona, najua. Aende peke yake nusu saa, wewe na mtoto mkae kwenye ngazi za yule asiye na kichwa. Kisha mpeane zamu. Au ingieni wote, mpe mgongo Mona Lisa, mtafute paka.

Kabla ya safari kuna jambo moja zaidi, na hili nalisema nikijihukumu. Binti yangu alivuka bahari kuingia jumba la makumbusho kwa mara ya kwanza. Jumba letu la Taifa liko Mtaa wa Shaaban Robert, na Kijiji cha Makumbusho kiko kandokando ya barabara ya Bagamoyo, nyumba za makabila yetu zimejengwa kwa ukubwa wake na mtoto anaweza kuinama akaingia mlangoni. Kila siku makondakta wanaita "Makumbusho! Makumbusho!" na sisi tunapanda, tunashuka, tunakwenda zetu. Wangu nimempeleka baada ya kurudi. Mpeleke wako Jumamosi hii, umwone anavyotembea, anachoka baada ya dakika ngapi, anasimama penye nini. Hapo utajua Paris umpangie vitu viwili au vitatu.

Na mtazame kalenda ya zile siku tatu. Jumanne Louvre hufungwa.

Hadi juma lijalo, kwaherini.